Wiki Hii Wote Wamekufa kwa Moyo

Asubuhi ile, kwenye mashine ya kahawa ya pembeni ya duka la dawa, Redio alianza kutangaza kabla hata hajatumbukiza sarafu. Jina lake ni Metodi, lakini tangu gonjwa liingie Bulgaria hakuna aliyemwita hivyo tena.

"Mmesikia? Wagonjwa mjini kwetu juzi sifuri, jana sifuri, leo sifuri! Dunia nzima inakufa, sisi hata kupiga chafya tumesahau!"

"Si afadhali?" akasema Gundi. Kazi yake huyu ni kubandika ukutani matangazo ya vifo yenye picha za marehemu, na ndoo yake ya gundi ilikuwa hapo miguuni. Mkewe Tsonka, mwenye mapafu mabovu tangu utotoni, alikuwa anakohoa siku ya pili sasa. Ile sifuri Gundi aliihitaji kuliko kahawa.

"Afadhali nini? Wanatupiga fiksi! Geuka uone ukuta wako mwenyewe. Nimehesabu sura arobaini na tatu, halafu mtu na tai yake kwenye runinga ananiambia sifuri!"

Daktari wa Ng'ombe, mganga mstaafu wa mifugo, akashusha barakoa kidevuni apate kunywa. "Bibi Stamena umemhesabu?"

"Yumo. Mara nne!"

"Bibi Stamena kafa mara moja tu, we mzee," Gundi akacheka. "Kuna picha ya kumbukumbu ya siku arobaini, ile ya miezi sita, ile ya mwaka, ile ya miaka miwili. Mimi nikibandika, haibanduki."

"Haya, toa marehemu wa zamani," akasema Redio. "Wapya wangapi?"

Gundi akakuna kichwa. "Wiki hii kumi na mmoja. Kwa kawaida wawili, watatu."

"Aaah! Si nilisema?"

"Lakini wote moyo, Redio. Vyeti vya daktari wa mji nimeviona. Moyo, moyo, moyo."

"Mimi ng'ombe kumi na mmoja wangekufa zizi moja wiki moja, nikaandika moyo," akasema Daktari wa Ng'ombe, "hata ng'ombe wangenishitaki."

"Amri kutoka juu hiyo!" Redio akapiga kofi kwenye mashine. "Daktari mzima, kasoma, anadanganya mchana kweupe. Haoni haya?"

"Mjomba wako Naiden naye kaandikiwa moyo," Gundi akasema. "Si tumemzika Jumamosi?"

Redio akaanza kukoroga kahawa ambayo hakutia sukari.

"Huyo ni tofauti."

"Tofauti kivipi?"

"Sasa mlitaka nifanyeje? Wakiandika gonjwa, maiti inafungwa kwenye plastiki, jeneza halifunguliwi, hakuna ngano ya kuchemsha ya matanga, hakuna busu la mwisho. Mama yangu angemfuata ndugu yake siku hiyo hiyo! Nikampelekea daktari soseji mbili na chupa ya pombe ya nyumbani. Kwani ni mimi peke yangu? Kila mtu anafanya!"

"Wote kumi na mmoja?" akauliza Daktari wa Ng'ombe, akipandisha barakoa hadi machoni.

Gundi akamgeukia Redio.

"Redio," akasema taratibu. "Tsonka alimbusu mjomba wako jenezani. Kwenye paji la uso. Mimi nilimwambia ambusu, nikamwambia mji wetu ni sifuri."

Akatoa simu ampigie mkewe. "Nampeleka akapimwe. Sasa hivi."

Redio akamdaka mkono. "Gundi, ndugu yangu, tulia kwanza! Akikutwa nalo watauliza kalitoa wapi. Watafika kwa daktari, watafika kwangu, watafika kwa mama. Sema ni mafua tu! Mji mzima sifuri, wewe ndiye wa kutuharibia?"

Gundi akajinasua. Kwa hasira alizokuwa nazo, angeweza kummwagia ndoo nzima.

"Na nikija hapa kumbandika mke wangu," akasema, "nikuandikie moyo?"

Hakungoja jibu. Aliondoka mbio kwenda nyumbani.