Kuhusu Kibao cha Thelathini kwenye Kona ya Pundamilia

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Khun Prawet,

Salamu kwako na kwa wote wa ofisini, hata karani aliyenirudisha mara mbili kwa sababu nilivaa kandambili. Mimi ni Thawin, dereva wa pikapu ya mananasi. Nimeipita ile kona miaka ishirini na miwili kwa mwendo wa tisini, bila kukwaruza hata kioo. Mwezi uliopita ofisi yako ilisimika pale kibao cha mwendo wa thelathini na kuweka matuta mawili, bila kumwuliza Bwana Mkubwa, mzimu anayeilinda kona. Nimeumia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Heshima. Dereva mwenye adabu akipita kibanda cha mzimu hupiga honi mara tatu, kisha huachia usukani na kuunganisha viganja kifuani. Kwa tisini salamu hiyo huisha upesi. Kwa thelathini nakaa na viganja kifuani mpaka gari linaelekea mtaroni. Sasa hatari kaileta nani?

2. Ushahidi. Kila anayenusurika pale humletea Bwana Mkubwa pundamilia wa saruji, sadaka ya shukrani. Wamefika mia moja na kumi na mmoja, wamejipanga hadi ukingoni mwa barabara. Nitajie kona nyingine iliyookoa watu wengi hivyo. Muuguzi Orathai wa zahanati anasema tuwahesabu na wasioleta pundamilia. Hao hawajawahi kulalamika kwangu.

3. Muuguzi huyohuyo hututisha: "Mzee Thawin, mwendo ukiwa maradufu, kipigo ni mara nne. Na mfupa wa mtoto haujui kwamba una hirizi." Ninazo tisa, mbele ya usukani. Kwa tisini zilitulia. Kwenye matuta yako mbili zimeanguka.

4. Ndoa. Zamani, garini, upepo ulimeza maneno ya mke wangu Lamduan. Sasa namsikia mpaka nukta. Jana kasema, "Unakimbilia wapi, mume wangu? Nanasi halina miguu. Au kuna mke mwenzangu huko sokoni?" Nina miaka sitini na mitatu, na sikuwa nimepanga kuanza kumsikiliza.

Kwa hiyo naomba kibao king'olewe, matuta yasawazishwe, na pale asimikwe pundamilia mmoja mwenye ukubwa wa tembo. Nitambeba mwenyewe, kwa tisini.

Nisalimie mama watoto, majirani, na karani pia.

Wako mtiifu,
Thawin

Nyongeza: Haya nayaandikia kwenye benchi la nje ya ofisi yako. Samahani kwa mwandiko. Nilipokuwa naileta barua, tulipokaribia kona Lamduan aliniambia, "Leo shika usukani. Bwana Mkubwa atakuelewa." Nikashika, ili anyamaze. Baada ya tuta la pili, Maprang, bintiye Muuguzi Orathai, akachomoka katikati ya pundamilia akifukuza kuku. Gari lilisimama bampa ikigusa sketi yake ya shule. Akamwokota kuku, akaunganisha viganja kunisalimu na kusema, "Samahani, babu."

Salamu ya viganja sikumrudishia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na iligoma kubanduka.

Kibao kiache. Pundamilia wa mia moja na kumi na mbili nimeshamwagiza. Naomba ruhusa nimweke nyuma kabisa, mbali na barabara, na wenzake niwasogeze huko, wasije wakamficha mtoto mwingine.