Nyumba Alimozaliwa Admirali

"Alizaliwa kwangu!"

"Kwako wapi, Keziah? Hicho chumba chako enzi hizo kilikuwa banda la bata!"

"Basi alizaliwa kati ya bata! Ndiyo maana maji aliyajua mapema!"

Keziah Tull alikuwa amepanda juu ya ndoo ili aonekane vizuri juu ya uzio. Upande wa pili Orpha Bradshaw alishika mwiko, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Wajane hawa wawili walikuwa majirani kwa miaka thelathini, na hawakuwahi kupata ugomvi wenye hadhi kama huu. Sorrel Point nzima iliacha kazi ikaja kusikiliza. Waliochelewa walisimuliwa tangu mwanzo.

Chanzo kilikuwa tangazo. Halmashauri ya Mahali pa Kuzaliwa Mashujaa wa Bahari iliufahamisha umma kwamba, kwa maslahi mapana ya taifa na ya ghuba yote ya Chesapeake, itabainisha kisayansi nyumba alimozaliwa Admirali Lysander Marsh mwaka 1831, na kuipigilia kibati cha shaba. Mwenye kibati angekuwa mtu. Wageni wangeshuka kwenye stima wakiuliza njia ya kwenda kwake.

Na Admirali si mtu wa mchezo. Kule Santa Rufina alizamisha manowari saba za adui kabla ya kifungua kinywa. Ripoti haikutaja kwamba mbili kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kuzama wiki iliyotangulia, kwa kuwa hazikulalamika. Mwaka mwingine aliikwamisha merikebu yake kwenye fungu la mchanga kwa siku tisa, na vitabu vya shule vinaliita tukio hilo Kushikilia Msimamo. Alipewa medali mbili, moja ya kukwama na moja ya kukwamuka.

Alikuwa bado hai, mzee wa miaka themanini, akiishi mwisho wa barabara ya wajane hao hao. Halmashauri haikumuuliza kitu. Kanuni ya tisa ilikuwa wazi: siku ya tukio alikuwepo, ndiyo, lakini akiwa mtoto mchanga, na ushahidi wa watoto wachanga haupokelewi.

Basi akaja Bwana Thaddeus Wimbush, Mkaguzi Mkuu wa Vizazi, na futi yake ya kupimia. Alipima kitanda cha Keziah. Alipima cha Orpha. Alinusa kuta.

"Una ushahidi gani, mama?"

"Bibi yake marehemu mume wangu alisikia kilio," akasema Keziah bila kupepesa macho.

"Kilio cha namna gani?"

"Cha amri."

Bwana Wimbush akaandika. Nusu saa baadaye kibati kilikuwa mlangoni kinang'aa, na Keziah anampungia Orpha mkono wa kimalkia. Ndipo mkaguzi akafungua ukurasa wa pili.

"Sasa nyumba itarejeshwa katika hali yake ya siku ya tukio. Jiko la chuma litoke. Vioo vitoke. Pampu ya maji itoke. Mama, siku hiyo ulikuwepo?"

"Bwana we, mwaka huo hata mama yangu hajazaliwa!"

"Basi wewe nawe si wa hali ya awali. Utoke Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Keziah aliitazama nyumba ambamo alizalia watoto watano na kumzikia mume mmoja. Hakuwa na kwingine. Akaenda uziani, safari hii bila ndoo.

"Orpha, shoga yangu. Nimefikiri sana. Nadhani haki ni yako. Alizaliwa kwako."

"Nani, mimi? Thubutu! Alizaliwa kwako, na bata wote mashahidi!"

"Orpha, wananitoa."

Orpha akaweka mwiko chini. Alikuwa ameandaa kejeli tatu nzuri sana, akazimeza zote. "Vaa kofia," akasema. "Twende tukamuulize mwenyewe aliyezaliwa."

Walimkuta gatini, kafunga shingo ya kuku kwenye uzi anavua kaa.

"Mimi?" akasema Admirali. "Nilizaliwa kwenye banda la chaza la Crockett. Mama alikuwa zamuni, akifungua chaza."

"Mzee Lysander! Na miaka yote hii umenyamaza?" akasema Orpha.

"Nani aliniuliza, wanangu? Miaka arobaini wananisomea hotuba tu. Kila nikifungua mdomo, bendi inapiga."

"Ushahidi wako haupokelewi," Keziah akasema, karibu kulia. "Ulikuwa mchanga."

"Wa mama je? Yeye alikuwa mkubwa." Akawapeleka nyumbani kwake, akawafungulia Biblia ya ukoo. Kwenye ukurasa wa vizazi mama yake alikuwa ameandika kwa mkono wa mtu mwenye haraka: *Lysander, Jumanne, bandani kwa Crockett, kati ya kapu la nne na la tano.*

"Na hilo banda liko wapi siku hizi?" akauliza Orpha.

Admirali akaonyesha kwa kidole dirishani. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na kuwekewa nguzo. Chini ilikuwa ofisi ya Halmashauri. Juu alilala Bwana Wimbush.

Alhamisi asubuhi mkaguzi aliisoma mara tatu Biblia waliyomletea. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuvunja kanuni, na watu mia mbili walikuwa mlangoni wakimtazama. Akakohoa. Akajigeukia.

"Bwana Wimbush, siku ya tukio ulikuwepo?" Akajibu kwa huzuni, "Sikuwepo, mheshimiwa." Akajiandikia notisi ya kuhama, akajisainia kuipokea.

Mji ulimsaidia kwa moyo mkunjufu. Walitoa meza, wakatoa kabati, wakatoa kitanda. Kwa kuwa hali ya awali ni hali ya awali, wakaja na matoroli ya magamba ya chaza, wakayamwaga ofisini hadi magotini. Admirali akasimama mlangoni akielekeza. "Mengi zaidi kushoto! Hapo ndipo lilipokuwa kapu la tano!" Walisema hata kule Santa Rufina hakuamrisha vizuri hivyo.

Saa sita mchana Bwana Wimbush alikuwa amekaa barabarani mbele ya meza yake, akipiga mhuri karatasi tupu ili upepo usizichukue. Kutoka kwa Keziah ilitoka harufu ya supu ya chaza ya maziwa na mkate wa mahindi. Orpha alikuwa ndani tayari, anasikika akilalamikia chumvi.

Keziah akatoka na nyundo mkononi, akampa.

"Ng'oa kibati chako, baba. Kisha unawe mikono, uingie ule."