Kiwaya Kati ya Vitone Viwili

Jumatatu, 3 Juni
Nimegundua dhuluma! Chipu iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta yetu ya bei poa ni pacha wa ile ya shemeji, ya bei mbaya. Kiwandani wameifunga tu, isikimbie. Ukiunganisha vitone viwili vya shaba vilivyo kando yake kwa kiwaya, ukabadilisha pia programu ya kuwashia, inafunguka. Mke wangu huchorea ramani za majengo kompyuta hiyo. Kila akiigeuza nyumba upande, inaganda. Nimemwambia nitamsaidia. Ameniomba, kwa upole, nisimsaidie. Ijumaa anawasilisha ramani ya zahanati, kazi yake ya kwanza kubwa tangu aachishwe ofisini.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kapita kumsalimia dada yake. Kaiita kompyuta yetu kikokotoo. Nilicheka. Ndani nilikuwa nachemka.

Jumatano, 5 Juni
Mke kaenda kupima kiwanja. Nimelehemu! Mkono uliteleza, tone la risasi ya kulehemea likadondokea pembeni. Si neno. Imewaka! Zahanati inazunguka kama pia! Mke karudi, kaona, kanishika bega. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika lini. Nikampigia shemeji kumwambia kikokotoo kinamsalimu.

Alhamisi, 6 Juni
Harufu. Kisha moshi. Umeme ulipita kusikopitika, ukakaanga ubao, ukakaanga na diski. Mke akauliza diski ya akiba, yenye nakala ya ramani, iko wapi. Nilikuwa nimeichomeka hapo hapo, nayo ionje kasi.
Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa mbele ya kioo cheusi, akatoa rula na karatasi, akaanza upya kwa mkono. Akamaliza kuta tatu. Akaweka penseli chini.

Ijumaa, 7 Juni
Zahanati wamempa kazi mtu mwingine. Shemeji kaja na gari kumchukua dada yake. Nilijiandaa kuchekwa, hata jibu nilikuwa nalo. Hakunicheka. Alibeba mabegi tu, macho chini. Nikamweleza mke kwamba wazo halikuwa na kasoro, kasoro ni ile risasi ya kulehemea, feki.
"Nilikuomba usiiguse," alisema. "Hicho tu."
Akaufunga mlango taratibu, kama vile ndani kuna mgonjwa.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba ilinishinda kwa ukimya. Nimehamia kwa mjomba. Mzee hasikii kitu bila kile kifaa chake cha sikioni, na hata nacho analalamika kwamba watu wanaongea kama wako ng'ambo ya mto. Nimekichungulia ndani kwa lenzi. Hii chipu naijua! Wameifunga makusudi, wanyang'anyi wakubwa! Mzee kaishi na robo tu ya sauti za watu miaka yote hii!
Baada ya chakula cha mchana kajilaza. Kifaa kakiacha mezani. Safari hii nimenunua risasi ya maana.
Chuma cha kulehemea kimeshapata moto.