Mnyenyekevu wa Ghorofa ya Nne

Jumapili, tarehe 2 Machi

Leo ni mwaka na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Zege halijui Jumapili. Tumemwaga hadi adhuhuri ndipo tukaruhusiwa kuoga.

Mke wangu amepiga simu. Mtoto wetu atabatizwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Anataka nimshike mimi mwenyewe mbele ya mchungaji. Si babu yake, mimi. Niliondoka mtoto akiwa tumboni, sasa anatembea kwa kushika kuta. Ananijua kwa sauti tu. Mke wangu anasema akiiona simu anaiita baba, hata ikiwa imezimwa. Juzi ameiita baba simu ya jirani. Nilicheka. Baada ya kukata simu sikucheka.

Sasa habari yenyewe. Jioni, baada ya kusoma Neno kantini, msimamizi wetu ametangaza kuwa kuna ruhusa ya kwenda nyumbani, wiki tatu, kwa mtu mmoja tu wa jengo letu. Huyu msimamizi tunamwita Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile kifaa chenye tone la hewa ndani. Anakiweka kwenye kila ukuta na kila dirisha, na iko siku atakiweka kwenye kichwa cha mtu. Ni mtu wa Mungu kweli. Amesema hatampa anayelia kuliko wenzake. Atampa yule anayeliishi Neno, na jibu atalitoa Jumapili ijayo.

Neno la wiki: unyenyekevu. Ukialikwa karamuni kaa kiti cha nyuma, mwenye karamu atakuja akuite mbele.

Nimelala chali kitandani nikalitafakari. Shule niliishia darasa la sita, lakini hesabu hii naiweza. Anayekaa nyuma huitwa mbele. Kumbe kazi yote ni kukaa.

Mpinzani ni mmoja, mpiga lipu anayelala kitanda cha chini yangu. Tunamwita Shemasi. Si shemasi wa kanisa lolote. Akiombea chakula, chakula kinapoa.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeanza. Asubuhi nimekaa benchi la mwisho kantini, kati ya mlango na pipa la taka. Birika lilipofika kwangu lilikuwa na mvuke, chai hamna. Aliyeniita ni mpishi peke yake. Akasema, wewe baba, kwa kuwa umependa kukaa hapo, kila anayeingia mfungie mlango, nzi wananimaliza. Nimefunga mlango. Mchana pia nimefunga mlango. Kufika jioni watu wazima na akili zao wananiambia, bawabu, hebu tupishe.

Wakati wa Neno nimekaa nyuma zaidi, kwenye nguzo. Pimamaji akatazama huku na huku, akasema mbele kuna nafasi, ndugu yangu wa nyuma, njoo. Nikasimama, nikavuta shati. Alikuwa anamwita fundi umeme. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, hata kivuli changu hakukiona.

Nimejifunza jambo. Kukaa nyuma si neno. Ukae nyuma panapoonekana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Winchi ya kupandishia mizigo imekufa. Saruji yote imepanda kwa ngazi, juu ya mabega ya watoto wa watu.

Pimamaji ameniambia nipeleke mifuko yangu ghorofa ya tatu. Papo hapo nikakumbuka lile la maili. Mtu akikulazimisha kwenda naye maili moja, wewe nenda mbili. Nikaipeleka ghorofa ya nne. Bila kuambiwa, na tabasamu usoni. Kila mfuko nikasema moyoni, Bwana, andika. Magoti yalikuwa yanalia kama bawaba.

Kumbe mafundi wa vigae walikuwa ghorofa ya tatu wakisubiri saruji. Wamesubiri hadi wamechoka kusubiri. Fundi mkuu wao amepanda juu, akanikuta nimeketi kwenye mifuko napumua, akaniuliza kama hii saruji naiatamia itotoe. Nikamweleza habari ya maili ya pili. Akaniambia Yesu alisema uende maili mbili pamoja na mtu, hakusema umkimbie na mzigo wake.

Nimeishusha yote. Katikati ya ngazi nikamkuta Shemasi, hakuna aliyemwita, amebeba mfuko wangu mmoja anashuka nao, anaimba puani. Na nani anapanda wakati huo huo? Pimamaji. Amempiga Shemasi begani, akasema hivi ndivyo ndugu wanavyobebeana mizigo. Mimi akaniambia kesho nisikilize vizuri nikitumwa.

Maili mbili zote ni zangu, sifa kapata mwenye nusu ngazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimebadilisha njia. Imeandikwa kwamba adui yako akiwa na njaa mlishe, akiwa na kiu mnyweshe, na kwa kufanya hivyo utampalia makaa ya moto kichwani. Shemasi si adui hasa. Lakini kwa jambo hili moja, mpaka Jumapili, anatosha.

Jana nimemfulia ovaroli yake. Lipu imeganda humo kama imeokwa, nimesugua mpaka vidole vimechubuka. Nimempigia viatu brashi. Chakula cha jioni nimemsogezea nyama yangu, nikabaki na mchuzi. Aliniangalia sana. Akauliza, kaka, unaumwa? Nikamwambia hapana, kula tu. Kisha nikapanda kitandani kwangu kusubiri makaa.

Hakuna makaa. Amelala kama mtoto aliyeogeshwa. Anakoroma kwa raha.

Leo asubuhi wakati wa kupanga kazi, Pimamaji amemtoa mbele ya watu wote akasema tazameni usafi wa ndugu huyu, mtu anayemheshimu Mungu huheshimu hata nguo za kazi. Wote tukatazama. Ovaroli inang'aa. Yangu ilikuwa na kanzu ya vumbi, maana sabuni yote iliishia kwa mwenzangu.

Mchana Shemasi akaja kukaa karibu yangu. Akasema ameguswa sana. Akasema tangu afike hapa hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Halafu, bila kuulizwa, akanieleza kuwa mama yake amefanyiwa upasuaji wa macho. Karibu atafunguliwa bandeji. Mama amesema sura ya kwanza anayotaka kuiona ni ya mwanawe, na kama mwanawe hayupo basi wasiifungue mpaka awepo.

Nilitamani nisingemsikia. Mtu unapigana naye vizuri kabisa, mara anakuletea mama.

Nimemwombea mama yake. Kwa moyo, sikudanganya. Nimemwomba Mungu amponye macho yote mawili, ila bandeji ifunguliwe baada ya ubatizo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku imebaki moja. Nimetumia lile la sadaka ya siri, mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kulia. Shida ya siri ni kwamba haionekani. Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: nifanye wema kwa siri, nikamatwe nikiufanya.

Alfajiri nimeingia kontena la ofisi ya Pimamaji. Mlango huwa haufungwi kwa kufuli. Nimefagia, nimepiga deki, nimefuta meza, nimepanga vikombe. Yeye hufika kabla ya wote. Leo hakufika. Nikafuta meza mara ya pili. Nikafuta hata balbu.

Aliyefika ni mpishi, kafuata sukari inayowekwa humo. Akanikuta nimepiga magoti mbele ya kabati, mkono ndani. Nilikuwa nafuta vumbi la rafu ya chini. Akapiga ukelele uliomleta mlinzi mbio, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi.

Mlinzi akauliza nafanya nini humo. Sasa hapo ndipo niliponaswa. Wema wa siri ukiusema umekwisha, thawabu yake imeliwa. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikamwambia siwezi kusema, ni kati yangu na Baba aliye mbinguni. Mpishi akasema wezi wa siku hizi wana dini kuliko sisi. Mlinzi akanikagua mifuko. Akatoa kitambaa chenye vumbi. Akakinusa, sijui alitegemea nini.

Pimamaji alipofika, kundi zima lilikuwa nje ya kontena. Akaniuliza mwenyewe, kwa upole, kama nilikuja kuchukua kitu. Upole wake ulinikata kuliko kelele za mpishi. Nikaona ubatizo unakwenda, kazi inakwenda, na mimi nimesimama na unyenyekevu wangu kama mjinga.

Ndipo Shemasi akapasua watu akaja mbele. Akasema wazee, huyu mnayemkagua ndiye aliyenifulia nguo sikumwomba. Amenipa nyama yake akanywa mchuzi. Jumanne alipandisha saruji juu kupita alikotumwa, na mimi nikapewa sifa zake nikanyamaza, ninaomba radhi. Angalieni sakafu hiyo. Mwizi gani anapiga deki?

Wote wakachungulia. Sakafu ilikuwa inameta. Pimamaji akaweka pimamaji lake juu ya meza, sijui kwa nini, labda mazoea, akalitazama kwa muda. Kisha akanishika mkono, akasema nimsamehe. Mpishi akasema haya, lakini vikombe umevipanga vibaya.

Sijui niandike nini. Mtu niliyempalia makaa ameniokoa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimechana kurasa mbili, hii ni ya tatu.

Baada ya Neno, Pimamaji amesimama. Akasema wiki hii ameona mtu mmoja akitenda mema bila kujitangaza, hata alipoitwa mwizi hakujitetea. Akataja jina langu. Akasema ruhusa ni yangu, nianze kesho.

Kantini nzima ikapiga makofi. Fundi wa vigae akapiga meza. Mpishi akapiga mwiko. Nimetembea toka benchi la nyuma hadi mbele, watu wakinipisha, naona uso wa mtoto ambaye sijawahi kumwona ila kwenye kioo cha simu.

Nilipofika mbele, mdomo wangu ukafanya mambo yake.

Kwetu sisi, mtu aliyelelewa vizuri hapokei kitu kizito mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula unasema nimeshiba. Mwenyeji anabembeleza. Unasema jamani basi kidogo. Hapo ndipo unakula mpaka sahani inaona haya. Nikaona hapa ndipo unyenyekevu unapotiwa rangi ya mwisho. Nikainamisha kichwa, nikasema, mzee, mimi sistahili. Apewe ndugu yangu Shemasi, mama yake anasubiri kumwona.

Nikatulia, nikisubiri kubembelezwa.

Nikainua jicho moja. Pimamaji alikuwa anafuta machozi. Akasema kwa miaka yote aliyosimamia watu hajawahi kusikia neno kama hilo. Nikatabasamu, nikajiandaa kusema jamani basi kidogo. Akaendelea. Akasema Bwana wetu ametufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, kwa hiyo hatanivunjia heshima kwa kunilazimisha. Shemasi, njoo.

Nilisema lakini. Nilisema lakini mara kadhaa. Makofi yalikuwa makubwa, hakuna aliyesikia. Shemasi akanikumbatia huku analia, na ovaroli yake bado inanukia sabuni yangu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemasi ameondoka asubuhi. Nimembebea begi hadi getini. Akasema, kaka, mama akifunguliwa macho nitamwonyesha picha yako kwanza, ndipo sura yangu. Nilitaka kumchukia. Nimejaribu kwa nguvu zote, imeshindikana.

Nimempigia mke wangu. Nimemweleza yote, nikianzia kwenye sifa. Akasema, ngoja nielewe, baba. Umeitwa uje nyumbani kwako, kwa mkeo na mwanao, ukajibu asante nimeshiba?

Nikasema ilikuwa adabu.

Akasema adabu hiyo nimwambie mtoto mwenyewe. Akamwekea simu sikioni. Mtoto akapumua. Kisha akasema baba, vizuri kabisa, akaanza kuitafuna simu. Nilisikia meno. Sikujua kama yameota.

Mke wangu alipoichukua tena simu sauti ilikuwa imelainika. Akasema kuhusu huyo mama wa macho, nilifanya jambo jema. Akasema tu kwamba mara nyingine nikifanya jema, nilifanye kwa kukusudia.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimelala vibaya lakini nimeamka na mwanga. Wakati wa chai nimesoma habari ya mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka kadhi akachoka akampa haki yake. Nashangaa kwa nini sikuiona mapema. Hapa hakuna kukaa nyuma, hakuna kufua. Ni kusumbua tu. Na kama kadhi dhalimu alilainika, Pimamaji ambaye ni mtu wa Mungu atalainika kabla ya saruji kukauka.

Kuanzia kesho nitabisha mlango wa kontena kila asubuhi, na kila jioni, na akienda kuoga nitasubiri nje. Shemasi akirudi mwanzoni mwa Aprili, nafasi itakuwa wazi. Nimempigia tena mke wangu, nikamwomba asogeze ubatizo hadi Pasaka. Ameguna, lakini amekubali.

Pimamaji akisema ruhusa ni yangu nitaipokea. Nitakataa mara moja tu, kwa adabu, kwa sauti ya chini, maana mtu hawezi kurukia kitu kama asiye na kwao. Safari hii nitahakikisha hakuna mwenye mama mgonjwa karibu.

Naingia nyumbani Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mchana, mtoto akiwa macho.