Kinyozi Asiye na Marehemu

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Dada fundi cherehani, kiongozi wa jumuiya yetu, ameongoza litania. Watakatifu wametajwa wengi, sikumsikia hata mmoja. Nilisikia sauti yake tu. Nampenda. Basi, nimeshaandika.

Baada ya misa ametutangazia wanajumuiya: mwezi huu wote tutasali kila jioni nyumbani kwa mwenye marehemu wa kuombewa, au mwenye sababu nyingine nzuri. Yeye mwenyewe ataongoza. Yeye, jioni, sebuleni kwangu! Kisha akasimama seremala, ambaye naye hajaoa na humtazama fundi kwa macho kama yangu. Akasema kwao marehemu wako tisa. Tisa! Wengine huzaliwa na bahati zao.

Mimi ninaye babu tu. Ukoo wetu haufi ovyo. Nimemuuliza bibi, ninayeishi naye, kama hakuna hata shangazi mmoja aliyetutangulia nikamsahau. Akaniuliza nina haraka gani.

Jumatatu, 3 Novemba

Babu peke yake hawezi kubeba mwezi mzima. Nimeisoma kalenda ya kanisa iliyo ukutani saluni. Sikuamini macho. Leo ni Mtakatifu Martino wa Porres, msimamizi wa vinyozi! Nimemwacha mteja kitini na nusu kichwa, nikakimbilia kwa fundi kumwambia kwamba leo vinyozi ulimwenguni kote wanastahili sala, tena majumbani mwao. Amekubali.

Jioni njema kuliko zote. Fundi amesema sebule inanukia. Nilimwaga chupa nzima ya manukato ya ndevu. Seremala amepiga chafya mafumbo yote matano ya rozari. Yule mteja alikuja kudai nusu yake iliyobaki, akapigishwa magoti, akasali mpaka mwisho. Nimemmalizia baada ya amina.

Jumapili, 9 Novemba

Kutabarukiwa kwa Basilika la Laterano, yaani siku kanisa lile la Roma lilipozinduliwa. Nimemweleza fundi kwamba siku kama hii hufaa kusali kwenye nyumba yenye jambo jipya, na yangu ina mlango mpya. Hoja safi. Seremala akadakia kwamba mlango ule aliutengeneza yeye, kwa hiyo tukasali karakanani ulikozaliwa. Watu wakacheka, wakamfuata. Nimesali kwa ulimi tu, nimekalia ubao wenye msumari.

Jumanne, 11 Novemba

Martino mwingine, wa Tours. Huyu alikata joho lake akampa maskini nusu. Nikaona mwanga: nguo, huruma, fundi cherehani, vyote siku moja. Nimesimama mbele ya duka lake, nikavua koti langu la kuendea harusi za watu, nikalikata katikati kwa mkasi wa saluni. Nusu nikampa mlinzi wa maduka. Fundi ametoka mbio, machozi yanamlengalenga. Nilidhani ameguswa. Kumbe analilia kitambaa. Amesema hajaona mtu akikata sufu kwa mkasi wa nywele.

Mlinzi naye ameligeuzageuza, akauliza nusu koti linavaliwaje. Akaomba na nusu ya pili. Watu wanatazama, ningekataaje? Fundi amemuunganishia, na jioni mlinzi amekuja kwenye sala kama diwani. Mimi nimekuja na shati, natetemeka. Seremala ameniazima sweta yake. Nimeivaa kwa chuki.

Jumanne, 18 Novemba

Seremala amenunua kalenda! Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, niliyekuwa nimemhifadhi maalumu kwa ajili ya fundi, kashamchukua. Babu nilimtumia wiki iliyopita. Sina kitu.

Nikamkumbuka baba mdogo. Alihamia mbali zamani. Hanipigii simu, salamu haleti. Mtu akinyamaza hivyo, yeye na marehemu wana tofauti gani? Nimemwambia fundi kwamba baba mdogo ametutoka. Si uongo mtupu. Alitoka kweli, na begi lake. Fundi amenishika mkono. Amenishika! Tutasali kwangu jioni mbili. Bibi nimemwambia wanakuja kumwombea babu tena. Masikio yake mazito, hatajua.

Jumatano, 19 Novemba

Wamekuja wote. Sala nzuri, fundi amekaa karibu nami. Halafu seremala akatoa msalaba wa kaburini, umepigwa msasa vizuri, jina la baba mdogo limechongwa. Zawadi kwa familia, bure. Fundi amemsifu mbele ya watu kwa moyo wake mwema. Mimi ndiye mfiwa, yeye ndiye anayesifiwa!

Bibi ameutazama msalaba ule kwa muda mrefu. Masikio mazito, lakini macho mazima, na kusoma anajua. Huyu ni mwanawe. Ameingia chumbani na simu.

Alhamisi, 20 Novemba

Tulikuwa kwenye “Raha ya milele umpe, ee Bwana” mlango ukafunguka. Baba mdogo! Na begi. Hakuna aliyemjua ila mimi na bibi. Akapiga magoti nyuma. Kila tulipoomba apumzike kwa amani, amina yake ilizidi za wote.

Mwishoni fundi akamuuliza mgeni kama ana uhusiano na marehemu. Akajibu kwamba ni wa karibu sana. Akaushika msalaba, akasoma, akamwambia seremala kazi ni safi na autunze, siku moja utahitajika. Akalalamika kwamba amesafiri kutwa kuja kwenye msiba wake na hakuna hata mmoja anayelia.

Bibi akasema njia ya mwongo ni fupi. Fundi amejifunika uso kwa mtandio, akatoka bila kuaga. Nimekwisha.

Jumapili, 23 Novemba

Kristo Mfalme. Nimeungama kabla ya misa. Padre alikohoa sana kule ndani, nadhani alikuwa anacheka. Malipizi: nimwombee baba mdogo kila siku, akiwa hai, na mwenyewe awepo asikie. Baba mdogo amesema atakaa mpaka Krismasi nisije nikapunjwa malipizi. Kwa mtu marehemu, anakula sana.

Baada ya misa fundi alinisubiri mlangoni. Akasema Alhamisi alitoka kwa sababu kicheko kilimbana, na aliona aibu kucheka mbele ya msalaba. Alicheka njia nzima. Akasema hajacheka hivyo siku nyingi. Akaniuliza nataka nini hasa. Nikaanza kumweleza kwamba leo ni sikukuu ya Kristo Mfalme na kwamba… Akanikatiza. Akasema kwake chai haikosekani jioni, nije siku yoyote, bila mtakatifu, bila marehemu, bila sababu.

Siku yoyote! Nimerudi nikiimba. Baba mdogo ameitikia, bibi amepiga makofi. Bibi ananihimiza niende leo hii. Hapana. Jambo kubwa haliendewi kiholela. Nimeishusha kalenda ukutani, natafuta siku inayofaa kwenda bila sababu. Tarehe 30 ni Mtume Andrea, mwombezi wa wasio na wachumba. Hiyo ndiyo.

Dirishani namwona seremala anapita na kigoda kipya begani, kuelekea kwa fundi. Masikini, anakwenda hivihivi tu, hata kalenda hakushika.