Risala Niliyoisoma Upande wa Pili

Adventina na Speratha,

Leo sina uso. Niliokuwa nao umebaki uwanjani, mbele ya wazazi, walimu, mgeni rasmi na baba yangu mzazi. Nawaandikia saa kumi na moja jioni, nimejibanza nyuma ya jiko la shule kati ya kuni na ukuta, kwa sababu kila nikiingia bwenini wenzangu wananipigia makofi. Na makofi yenyewe si ya pongezi!

Ilikuwa Siku ya Wazazi. Mwaka jana mlikuwepo, mnaijua: ngonjera, netiboli, kwaya, zawadi, halafu matoke. Mwaka huu Mkuu wa Shule alitaka ifane kuliko zote. Tumelima ekari nzima ya maharage kwa mikono yetu. Timu ya netiboli haijafungwa tangu Pasaka. Kidato cha Nne wamewafundisha kusoma akina mama wa Kaagya, mpaka sasa wanaandika majina yao wenyewe. Yote hayo yaliwekwa kwenye risala ya wanafunzi kwa mgeni rasmi, na msomaji wa risala nilikuwa mimi.

(Sikuchaguliwa kwa akili. Mnanijua. Nilichaguliwa kwa sababu sauti yangu inafika Kashozi bila kipaza sauti.)

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mwezi uliopita Mkuu wa Shule aliniambia kwamba na mimi nitapata zawadi. Sikuuliza zawadi ya nini. Siku hiyo hiyo nikamwandikia tata: "Baba, nimekuwa wa kwanza. Njoo uone." Wa kwanza katika nini sikuandika, maana hata mimi sikujua.

Nyumbani Ngenge kuna kesi juu yangu. Baba mkubwa, kaka yake tata, anasema tangu nilipoanza Kidato cha Kwanza kwamba msichana akijua kusoma barua inamtosha, nirudi nipalilie migomba. Tata anakataa. Wamekuwa wakibishana hivyo kwa miaka mitatu. Barua yangu ilipofika, tata akaona ameshinda kesi. Akasema, "Kaka, twende ukaone kwa macho yako."

Wakaja wote wawili! Wametembea hadi barabarani, wakapanda basi, wakalala Muleba kwa shangazi, wakaendelea alfajiri. Asubuhi hii wametokea getini na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkungu wa ndizi, na senene wa kukaanga. Tata alikuwa amevaa koti lake la harusi. Nikapiga magoti kuwaamkia. Baba mkubwa akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Haya," akasema, "tumekuja kumwona huyo wa kwanza."

Nikacheka kidogo. (Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho leo.)

Saa nne mgeni rasmi akafika. Ni bwana mmoja mnene, mpole, kutoka ofisi za wilaya, yule yule wa mwaka jana. Akakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, akaketishwa. Mimi nikapanda jukwaani. Pembeni yangu akasimama Katekista Kalisti, kwa sababu wazazi wengi Kiswahili kinawapita. Nisome sentensi, ninyamaze, yeye aitie katika Kihaya. Mnamkumbuka Katekista Kalisti. Ndiye anayetafsiri mahubiri kanisani, na hajaruka neno hata moja maishani mwake. Padri akikohoa, naye anakohoa.

Sasa ile karatasi. Siku hizi karatasi ni haba, kwa hiyo karani wa shule alipiga chapa risala nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Kurasa tatu, zimebanwa kwa pini. Jana aliniambia, "Koletha, upande wa nyuma usiushughulikie. Ni mambo ya kikao cha walimu." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu. Maharage yakapigiwa makofi. Netiboli ikapigiwa vigelegele. Akina mama wa Kaagya walipotajwa wakasimama wenyewe, mmoja akaandika jina lake hewani kwa kidole, watu wakashangilia. Nikamwona tata anamgusa baba mkubwa kwa kiwiko. Kichwa kikanivimba.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amenifundisha kwamba nikifika mwisho wa ukurasa nimtazame mgeni rasmi, nisiitazame karatasi. Nikamtazama.

"Ndugu Mgeni Rasmi," nikanguruma, "sisi wanafunzi tunapenda kukuhakikishia kwamba..."

Nikageuza. Badala ya kuifunua karatasi ya juu nikasome ya pili kama tulivyofanya mazoezi, nikaipindua ile ile ya kwanza mgongo juu.

"...akichelewa tena kama mwaka jana, asisubiriwe. Watu waanze kula."

Katekista akatafsiri.

Wazazi wakatazamana. Kisha mama mmoja akasema, "Waitu!" akajishika mdomo.

Mtaniuliza: kwa nini hukunyamaza? Na mimi najiuliza. Kichwa kilikuwa kimeshajua kwamba kuna jambo, lakini mdomo ulikuwa kama baiskeli iliyokatika breki mlimani. Nikasoma inayofuata.

"Apewe kiti chenye mto, asije akatusimulia tena habari za mgongo wake."

Katekista akatafsiri. Mgeni rasmi akashusha macho polepole, akautazama mto aliokalia.

"Chakula kitangulie hotuba. Akiwa na njaa huhutubia saa mbili."

Katekista akatafsiri. Sasa wazazi wakaanza kucheka. Walimu wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Mkuu wa Shule akasimama ghafla, akaita, "Koletha!"

Hapo ndipo nilipoangamia. Mazoezini, kila alipoita "Koletha!" maana yake ilikuwa moja tu: paza sauti.

Nikapaza.

"Zawadi ya Juhudi apewe Koletha wa Kidato cha Tatu, kwa sababu hakuna nyingine anayoweza kuipata, na baba yake anatoka mbali!"

Nikalisikia jina langu likirudi kutoka ukuta wa kanisa. Ndipo nikanyamaza. Nikamgeukia Katekista, nikamnong'oneza, "Baba Katekista, nakuomba, hiyo iache."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu," akasema, "mimi siachi neno."

Akatafsiri. Yote. Alipofika kwenye "mbali" akanyoosha mkono kuelekea kusini, akalivuta neno lenyewe kwa muda mrefu, wazazi wote wakageuka kutazama huko.

Tata alikuwa hajui Kiswahili cha kufuata risala. Muda wote ule alikuwa anatabasamu kwa ajili ya sauti yangu. Katekista alipomaliza, lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake peke yake, kama halijaambiwa. Speratha, wangenichapa viboko mbele ya watu ningeona afadhali.

Mgeni rasmi akasimama. Akatoa hotuba yake mfukoni, ilikuwa nene kama katekisimu. Akaitazama. Akairudisha mfukoni.

"Wazazi, walimu, wanafunzi," akasema, "hongereni. Tugawe zawadi, tukale."

Hajawahi kushangiliwa hivyo. Nadhani mpaka anafika kwake leo atakuwa hajaamua kama amekasirika au la.

Nilidhani Zawadi ya Juhudi itafutwa. Haikufutwa! Ikatajwa baada ya netiboli. Nikaenda mbele kama mtu anayekwenda kuzikwa kwa miguu yake. Ilikuwa jembe jipya lenye mpini. Mgeni rasmi akalinyanyua, kisha akauliza, "Na baba yake, huyo anayetoka mbali, yuko wapi?"

Tata akasimama. Akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akaja.

"Mzee, umetoka wapi?"

"Ngenge."

"Kumbe ni mbali kweli," akasema mgeni rasmi, na Katekista akatafsiri, na watu wakacheka mpaka wale akina mama wa Kaagya wakashikana mabega. Tukalipokea jembe wawili, tata ameshika mpini, mimi nimeshika huku kwenye chuma. Hakunitazama.

Tukaketi watatu kwenye nyasi nyuma ya darasa, na sahani za matoke zinapoa.

"Koletha," tata akasema, "uliandika wewe ni wa kwanza."

"Ndiyo, tata."

"Wa kwanza katika nini?"

Nikamwambia kweli: katika hesabu mimi ni wa thelathini na moja. Tupo thelathini na tano. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Ungeniandikia hivyo hivyo, ningekuja." Basi nikalia, machozi yakaingia kwenye matoke.

Nikangojea baba mkubwa amalize kesi. Alikuwa na haki. Ameletwa safari ya siku mbili kuonyeshwa uongo. Akamaliza kula (sahani yake na yangu), akafuta mikono, akasema:

"Mimi nina miezi sita kwenye darasa la kisomo. Bado napigana na herufi. Huyu je, aibu yake amesomewa na mtu? Hakusomewa. Amesoma mwenyewe. Amesoma aibu yake mbele ya watu wote, mbio, kwa sauti kubwa, na hakukwama hata mahali pamoja. Mtoto huyu anajua kusoma. Abaki."

Tata akamwangalia kaka yake kana kwamba amemwona leo. Mimi sikujua nishukuru au nifukiwe.

Wameondoka saa tisa kuwahi basi. Jembe wamelichukua. Tata aliniaga kwa mkono tu, lakini alipofika getini alirudi, akanipa wale senene, akasema nisile wote peke yangu. Kisha akaenda.

Kwa hiyo nimebaki shuleni, kama nilivyotaka. Nimebaki na watu mia tatu ambao jina langu wamelisahau, wananiita "Anatoka Mbali". Karani hanisemeshi. Katekista amenipongeza kwamba nilitamka vizuri. Mkuu wa Shule amesema Jumatatu asubuhi nifike ofisini kwake, na amesema kwa sauti ndogo sana, ile ninayoiogopa kuliko zote.

Niombeeni. Kucheka, nawasihi, ngojeni kwanza nimalize Kidato cha Nne.

Ni mimi,
Koletha