Mwalimu Aliyesema Kaa

Jumatatu, 3 Machi
Tumefika. Mji wa watu, huku kwa Wathai, hoteli ya ngazi nyembamba. Binti yangu ametoa hukumu mezani, mbele ya Mkwe, baba wa mumewe: mimi na Mkwe tuingie darasa la mapishi ya Kithai, naye Alhamisi atakuja kuonja. Nikipika mchuzi unaolika, nitaendelea kuishi peke yangu. Nikishindwa, nahamia kwao, chumba kimoja na Mkwe, anayekoroma kama trekta. Mimi! Niliyehamahama nchi za watu tangu ujana, na mlango wangu wa sasa ndio wa kwanza ambao kitasa chake nakijua gizani. Nimekubali. Kupika ni kitu gani? Marehemu mke wangu alipika huku akiimba.

Jumanne, 4 Machi
Ua wenye paa la bati, majiko yamepangwa mstari. Mwalimu ni mama mpole. Akaunganisha viganja, akasema maneno mengi, akamalizia: kaa. Nikakaa. Akanitazama, akasema tena: kaa. Nilikuwa nimeshakaa! Nikajiweka sawa kitini. Wenzangu wote wima, wakaidi. Nikaona nimewashinda kwa adabu. Ila kutoka kitini sikuona ndani ya sufuria hata moja. Mkwe akauliza kama ni magoti. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Jana mwalimu aliagiza, kwa ishara za mikono, kila mtu aje na kaa. Nilisikia kwa masikio yangu! Nikadamkia sokoni, nikanunua kaa watatu, wazima, wenye hasira. Kumbe alitaka mzizi, ndugu yake tangawizi. Kwao kaa ndilo jina lake. Kaa mmoja akamng'ang'ania Mkwe suruali. Mkwe akapiga ukelele: “Khaa!” Mwalimu akafurahi, akampa mzizi mkubwa kuliko yote.
Mwanafunzi mmoja akanieleza kuwa ile kaa ya mwisho wa sentensi ni heshima tu ya wanawake. Nikamlalamikia Mkwe: lugha gani hii, neno moja maana chungu nzima? Akaniambia nianze na yetu: kaa kitini, kaa la moto, kaa wa baharini. Mtu huyu hana haya.

Alhamisi, 6 Machi
Siku yenyewe. Mchuzi wa kijani wa kuku. Tui langu limekatika, chumvi ya kuangusha ng'ombe. Wa Mkwe laini, unanukia hadi barabarani. Lakini sufuria zote sawa, vifuniko sawa! Nikaenda kunawa uso na kupanga mbinu. Nikarudi, Mkwe naye akaenda kunawa. Upesi nikabadilisha sufuria.
Binti akaja. Akaonja wa kwangu. Akatema kwenye leso. Akaonja wa Mkwe. Akafumba macho, akaomba wali.
Haiwezekani! Nikamvuta Mkwe pembeni, nikamwuliza amefanya nini. Naye akaniuliza mimi nimefanya nini, maana alikuwa ameshabadilisha yeye, nilipokuwa nanawa.
“Nilitaka ushinde, mkwe wangu! Nani anataka kulala chumba kimoja nawe? Unasoma vitabu kwa sauti mpaka alfajiri!”
Binti akanishika bega. Akasema, taratibu, kwamba chumba wameshakipaka rangi tangu mwezi uliopita. Rangi ya maziwa, niipendayo. Nikatazama ukuta wa ua muda mrefu. Moshi wa pilipili ule, unaingia machoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari. Kosa halikuwa kubadilisha. Kosa lilikuwa kubadilisha bila kufunua kifuniko. Somo nimelipata.
Binti amefunga vitambaa kwenye mabegi yetu: mwenye chekundu, huko nyumbani kwake, atapata kitanda cha dirishani, mwenye cheusi kile cha mlangoni. Asubuhi chekundu kilikuwa cha Mkwe, naye akaguna kwamba dirishani kuna baridi. Jioni alibaki peke yake na mabegi; saa hii yuko bafuni. Nimeingia gizani, mkono mwepesi, nimevibadilisha. Kazi safi!
Ametoka bafuni, anapiga mluzi. Sijui anafurahia nini.